Koti la Dereva wa Trekta

Nikianza na kitu kingine nitakuwa nimekudanganya, kwa hiyo naanza na koti. Lilikuwa koti la jeshi, zito, rangi ya majani makavu, na lilimfika dereva wetu wa trekta chini ya magoti. Asubuhi ya ukungu pale chini ya Sachangwan hakuna aliyeshangaa kumwona nalo, kwa maana baridi ya kule ilitutoa machozi sisi sote. Lakini yeye alilivaa pia mchana wa Januari, jua likichoma mabua ya ngano na wanawake wa kuchuma maua ya pareto wamejifunga leso kichwani kwa joto. Akipanda trekta alikaa kwanza, akasogea mara mbili, halafu akatandaza pindo za koti kulia na kushoto mpaka likafunika magoti yake na kila kitu kilichokuwa katikati. Wale mama walikuwa wakimcheka. "Dereva ametamia mayai leo," walisema, naye aliwapungia mkono mmoja bila kugeuka.

Tulimwita Dereva. Jina lake lilikuwa katika kitabu cha karani, na sidhani karani mwenyewe alilisoma zaidi ya mara moja. Hata mkewe alimwita hivyo: "Dereva, chakula kimepoa." Ukimwuliza kwao ni wapi, leo alitaja pande za ziwa, kesho alitaja Bungoma, na mwaka mwingine alikujibu kwamba kwao ni pale anapopata posho. Sikumsumbua zaidi. Mimi mwenyewe nilizaliwa katika shamba lile lile, baba yangu alitoka Maragoli akiwa kijana, na kama ungeniuliza kwetu ni wapi ningekuonyesha nyumba ya mama yangu kando ya zizi.

Nyumba ile ndiyo iliyonifanya nimtafute Dereva. Mambo ya mashamba ya wazungu yalikuwa hivi: mtoto wa skwota, yaani mfanyakazi aliyekaa na jamaa yake shambani, akishaitwa mwanamume, ama aandikwe kazi na bwana wa shamba hilo, ama aondoke. Hukuruhusiwa kukaa tu kwa mama yako ukila ugali wake. Wakati wa ujana wa baba hilo halikuwa tatizo, maana kazi ilikuwa tele. Plau moja ilivutwa na maksai kumi na sita, ikataka mtu wa kuongoza mbele, mtu wa kiboko kando na mtu wa kushika mikono nyuma. Halafu ikaja trekta ya kwanza, ikaja ya pili, na maksai wakauzwa. Baba alibaki akichunga ng'ombe wa maziwa kwa sababu bwana alimwonea huruma. Mimi hakuna aliyekuwa na sababu ya kunionea huruma. Bwana alisema nitakaa mpaka mavuno, basi.

Kazi ya kuendesha trekta ndiyo pekee iliyokuwa ikikua wakati nyingine zote zinapungua, na mlango wake ulikuwa Dereva.

Kusema haki, alikuwa mwalimu. Nyuma ya banda la mashine, mahali ambapo bwana hakufika siku ya Jumapili, Dereva alichimba shimo. Kina chake kilifika gotini. Upande mmoja aliacha ukingo wa udongo uwe kiti, akaufunika gunia. Mbele yake alisimamisha kijiti na juu ya kijiti akafunga ringi ya pipa, ndiyo usukani. Vibao vitatu vilikuwa klachi na breki mbili. Katikati ya magoti alichomeka mti wa mzeituni uliochongwa vizuri, wenye fundo juu, nao ulikuwa gia. Pale ndipo vijana wa shamba letu walipojifunza kuendesha. Tuliingia shimoni mmoja mmoja baada ya ibada, tukiwa bado na mashati ya kanisani, na yeye alikaa kwenye jiwe akiwa na koti lake, akituuliza mambo.

"Uko kwa tope. Unafanya nini?"

"Napunguza gia, mzee."

"Na klachi? Unaachia namna gani?"

"Pole pole."

"Pole pole kama nini?"

"Kama kuweka mtoto chini akiwa amelala."

"Eeh. Sasa mteremko. Usiguse klachi! Nimesema mteremko, wewe unakanyaga klachi, umeshaua watu. Toka. Mwingine."

Ukiua watu mara tatu katika Jumapili moja alikufukuza mpaka wiki ijayo. Tulikuwa na nidhamu zaidi katika lile shimo kuliko tuliyokuwa nayo mbele ya mchungaji. Mguu wa kushoto ulijua kazi yake, mkono ulikwenda kwenye gia bila macho kutazama. Ya kwanza: kushoto, sukuma mbele. Kurudi nyuma: kushoto, vuta kwako. Nililala nikiyarudia kwa kidole gumba kwenye blanketi.

Trekta yenyewe hakuna aliyeigusa. Hilo lilikuwa agizo la bwana, na Dereva alilisimamia kuliko bwana mwenyewe. Kama ulimletea maji shambani ulisimama hatua kumi ukamwita, akashuka yeye. Kijana mmoja aliwahi kupanda gurudumu la nyuma ili aone, akapigwa kofi ambalo sisi tuliokuwa mbali tulilisikia. Jioni Dereva alimpelekea yule kijana mahindi ya kuchoma na kumwuliza kama shavu linauma.

Ndivyo alivyokuwa, na ndiyo maana nachoka nikijaribu kumweleza. Huwezi kumweka upande mmoja ukamwacha hapo. Alinipiga marufuku kugusa mashine, lakini alinifundisha kuisikiliza. Tulikaa ukingoni mwa shamba yeye akipumzika, dereva wa pili akilima, naye ananiuliza, "Hiyo inasema nini?" Mwanzoni nilisikia kelele tu. Baada ya miezi niliweza kumwambia kwamba mafuta ya taa yana maji, au mkanda wa feni umelegea. Kwa plau iliyolala bandani alinifundisha kupaka girisi mpaka mahali pasipoonekana. Alinifundisha kupiga mstari wa plau kwa kuchagua mti wa mbali na kuutazama huo, si kutazama gurudumu. "Ukitazama karibu utapinda," alisema. Na alisema pia, "Mashine haina shukrani, ipe mafuta, usiipe moyo." Nami nimeyatumia maneno hayo miaka yote.

Kabla ya kuwa Dereva alikuwa mtu wa maksai, na hakupenda kukumbushwa. Lakini baba yangu alikumbuka. Baba alisema siku maksai walipopakiwa kwenye behewa pale stesheni, Dereva, ambaye tayari alikuwa amekwisha kaa juu ya trekta mwezi mzima na kujiona, alisimama akawaita mmoja mmoja kwa majina. Alipomaliza alimgeukia baba na kusema, "Hii trekta imekula ng'ombe wote na haijashiba. Sasa itaanza na sisi." Baba alimjibu kwamba wewe mwenzetu umekaa mgongoni mwake, hutaliwa. Baba hakumpenda sana baada ya siku hiyo, lakini alinituma kwake hata hivyo, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nafasi ilipatikana kwa njia mbaya. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikiwashuku Wakikuyu wote kwa uasi. Dereva wa pili alikuwa Mkikuyu mpole, mpenzi wa kupiga mluzi. Asubuhi moja walikuja askari, akapandishwa lori pamoja na mkewe, godoro lao na kuku wawili, wapelekwe "kwao," mahali ambapo hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Tulisimama kando ya barabara tukatazama. Mkewe alikuwa akimwita mama yangu, na mama hakuthubutu kuitikia. Lori halijafika kona, sisi vijana tulikuwa tumekwisha kuanza kufikiria kile kiti. Naandika hilo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa wanne. Bwana alisema atamjaribu mmoja kila Jumamosi, na Dereva ndiye atakayechagua nani atangulie.

Wa kwanza alikuwa mwenye mikono mizuri kuliko sisi sote. Bwana alimwambia atie gia ya kwanza aende mbele, na trekta ikaruka nyuma ikavunja birika la maji ya ng'ombe. Wa pili aliangusha ua. Wa tatu alirudi nyuma juu ya baiskeli ya karani. Kila mmoja alifukuzwa siku ile ile, na kila mmoja aliondoka kabla ya giza, kwa aibu, bila kuzungumza na mtu. Dereva aliwasindikiza hadi barabara kuu. Aliwabebea mizigo. Wa tatu, ambaye hakuwa na viatu, alipewa vya Dereva mwenyewe. Mimi niliyebaki nilimwuliza, mbona wote wanarudi nyuma?

"Hofu," alisema. "Shimoni hakuna mzungu. Mkono ikiona mzungu inageuka. Nyinyi watu munaogopa sana."

Nilimwamini. Tena niliwadharau wenzangu. Nilijiambia mimi sitaogopa.

Jumamosi yangu mama aliamka mapema akanipikia uji wa maziwa. Alikaa akinitazama ninavyokunywa. Kama ningeshinda ningelala pale jioni, na jioni nyingine zote. Nilipofika kwenye banda trekta ilikuwa inaunguruma tayari, na Dereva amesimama kando yake na koti lake. Nilipanda. Nilikaa mahali ambapo nilikuwa nimekaa mara mia moja ndani ya udongo. Kila kitu kilikuwa pale pale nilipokitegemea, na ile gia kati ya magoti yangu ilikuwa nyeusi kwa girisi. Sikuogopa. Nataka hilo lieleweke hata leo: sikuogopa hata kidogo.

"Haya, kijana," bwana alisema. "Tia gia moja. Kwenda mbele. Pole pole tu."

Klachi chini. Kushoto, sukuma mbele. Niliachia klachi kama mtu anayelaza mtoto, na trekta ikarudi nyuma taratibu, kwa adabu kabisa, ikapanda jukwaa la mapipa ya mafuta. Mapipa yalianguka, mafuta yakamwagika mpaka kwenye viatu vya bwana.

"Toa yeye!" bwana alipiga kelele. "Toa! Mimi hapana taka ona yeye hapa kesho!"

Dereva alinishusha kwa kunishika mkono.

"Hofu, kijana," alisema. "Hofu inageuzanga mkono."

"Sikuogopa, mzee."

"Uliogopa. Haukujua tu."

Alinisindikiza. Alibeba sanduku langu kichwani, mzee yule, mpaka barabarani, na tulipoagana alinipa kisu chake cha kukunja. Mama alikuja nyuma yetu mpaka mwisho wa ua wa shamba, akasimama hapo, maana yeye hakuwa na karatasi ya bwana ya ruhusa ya kutoka.

Nilikwenda Ndabibi kukata majani ya ng'ombe, halafu nikapanda mpaka Dundori kwenye shamba la viazi. Miaka miwili nilikuwa mpakiaji wa magunia. Niliamini kwamba mimi ni mwoga. Ukiamini hivyo kuhusu nafsi yako huombi kazi kubwa, unachukua utakayopewa. Siku moja niliambiwa nisafishe trekta ya shamba lile. Ilikuwa ya aina ile ile, hata rangi. Nilipofuta girisi chini ya mti wa gia, zilianza kujitokeza alama zilizochongwa kwenye chuma: namba, na mistari inayoonyesha kila gia ilipo. Namba moja ilikuwa kushoto, nyuma. Kule mbele, tulikofundishwa kusukuma, hapakuwa na namba. Palikuwa na herufi ya kurudi nyuma.

Nilikaa juu ya kile kiti na kitambaa mkononi mpaka nyapara akanifokea. Nilikumbuka birika, ua, baiskeli, mapipa. Nilikumbuka kofi alilopigwa yule aliyepanda gurudumu. Na nilikumbuka koti, jinsi lilivyotandazwa juu ya magoti mchana wa Januari, na mama wa pareto wakicheka.

Alinifundisha mambo mia, tisini na tisa kwa haki na moja kwa hila. Kwa miaka nilijaribu kumtetea. Pengine yeye alikaa juu ya jiwe akitutazama uso kwa uso, nikajiambia, na kwake mbele ilikuwa nyuma yetu, akakosea. Mzee hakusoma. Lakini usukani hakuugeuza, wala breki. Siku nyingine nilimlaani kwa sauti, peke yangu kwenye viazi. Halafu nilisikia mashine ikikohoa, nikajua mara moja ni maji katika mafuta, na kujua huko kulikuwa kumetoka kwake. Dereva wa Dundori alipougua akarudi kwao, nilipanda mimi. Niligeuza kitu kimoja tu. Mengine yote nilikuwa nayo tayari.

Baba alipofariki, bwana wa kule alimtoa mama katika ile nyumba, naye akaja kuishi nami. Nikaoa. Kwa hiyo mambo yalikuwa yamekaa vizuri kidogo, mpaka mwaka ule nilipovunja plau kwenye mwamba. Bwana wa Dundori alikasirika. Alisema mimi bado kijana, na kwamba akipata mtu mzima anayejua mashine atanirudisha kwenye magunia. Alilisema hilo mara mbili katika wiki moja. Na nyumba ya dereva ni ya dereva. Mama alianza tena kuamka mapema kunitengenezea uji na kunitazama.

Ilikuwa wiki ya kuchimba viazi, na watu walikuja asubuhi kupanga mstari mbele ya stoo ili waandikwe. Zamani mstari ule ulikuwa wa wanawake na watoto. Siku hizo ulijaa vijana wenye nguvu, wengine wamesoma mpaka darasa la sita, wakiomba kuokota viazi. Mimi nilikuwa juu ya trekta nikingoja. Nilimwona katikati yao. Hakuwa na koti. Nadhani ndiyo sababu ilinichukua muda, maana sikuwahi kujua mwili wake ulikuwa mdogo kiasi kile. Alikuwa na shati lililochanika begani na gunia tupu mkononi. Baadaye nilisikia kwamba shamba la kule lilipata bwana mpya, akaja na trekta mpya na madereva wake.

Aliniona pia. Alibaki kwenye mstari.

Bwana alipofika kwake alimwuliza ametoka wapi, akamjibu Sachangwan. Bwana akanigeukia.

"Wewe natoka huko. Wewe jua hii mzee?"

"Namjua, bwana."

"Yeye kwisha fanya kazi gani? Jua mashine?"

Ningeweza kusema. Hapakuwa na mtu katika bonde lile lote aliyejua mashine kama yule. Nilimfikiria mama yangu ndani ya nyumba, na sufuria ya uji bado ina joto.

"Hapana, bwana," nilisema. "Huyo ni mtu wa jembe."

Bwana alimwandika, akaenda kwa mwingine. Dereva alinitazama. Hakunitazama usoni. Alitazama magotini pangu, nami nikatazama alipotazama yeye. Nilikuwa nimejifunika gunia. Lilikuwa limetandazwa vizuri, kulia na kushoto, na mti wa gia ulikuwa chini yake hauonekani. Vijana wa pale Dundori walikuwa wameanza kunizunguka siku hizo, wakiuliza maswali, wakitaka kuona, na kila asubuhi nilikuwa nikijifunika gunia lile nikijiambia ni baridi.

Saa ya chakula alikuja akakaa kwenye kivuli cha gurudumu. Mimi nilikuwa na swali langu la miaka yote, limekaa tayari mdomoni. Nilimkatia nusu ya ugali wangu, akapokea kwa mikono miwili. Alikula polepole kwa sababu ya meno.

"Mzee," nilianza.

"Mimi pia ningemwambia bwana hivyo," alisema. "Usijisumbue."

Akamaliza kula. Kisha aliinamisha kichwa kidogo upande wa injini, ambayo sikuwa nimeizima, na kusema kwamba mkanda wa feni umelegea, niukaze kabla ya jioni. Nikaukaza. Nilirudi juu, nikalivuta gunia, nikatia gia ya kwanza. Trekta ikaenda mbele, na yeye akafuata nyuma yangu katika udongo pamoja na wale vijana wote, ameinama, akiokota viazi.